Karafuu zikianikwa nina ndugu, mama akiumwa niko peke yangu

Asalamu alaykum jamani. Leo nasema. Nimenyamaza miaka mingi kwa kumstahi mama na kwa kuogopa kuambiwa nauvua nguo ukoo, lakini jana usiku kaka yangu mkubwa kaandika kwenye grupu la familia, mbele ya wanangu na wake za kaka zangu wote, kwamba "hesabu ya karafuu haiko wazi." Maana yake nimeiba. Mie!

Tupo Mtambwe, Pemba. Baba, Mungu amrehemu, alifariki 2019 akatuacha wanne: wanaume watatu na mie kitinda mimba. Kaka mkubwa yuko Dar es Salaam, wa pili yuko Muscat, wa tatu yuko Unguja, Mwanakwerekwe. Mie nilikuwa nimeolewa Chake Chake, ndoa ikavunjika, nikarudi nyumbani na watoto wangu wawili. Haikupita miezi minne mama akapata kiharusi, upande wa kushoto wote ukalala. Tangu hapo mkono wake wa kushoto ni mie. Namuogesha, namgeuza asije akapata vidonda, namlisha, nampa tembe za presha asubuhi na jioni, na udhu namtilia mie akitaka kusali.

Sisemi haya nisifiwe. Mama ni mama yangu na pepo yangu iko kwake. Nasema kwa sababu wifi yangu wa Unguja alinambia, kwa mdomo wake, tena siku ya Idd, "wewe umekaa bure kwenye nyumba ya baba yao." Umekaa bure. Neno hili limenikaa kifuani kama mwiba wa samaki, halipandi halishuki.

Shamba la mikarafuu la baba halijagawiwa mpaka leo. Kila nikifungua mdomo kuwa tugawe, kila mtu ajue miti yake na aihudumie, najibiwa "mama yungali hai, wewe unataka kugawa nini?" Kwani aliyefariki ni mama? Aliyefariki ni baba, na mirathi ni ya baba, na mama mwenyewe ana haki yake humo, thumuni, yaani fungu moja katika manane, haijawahi kufika mkononi mwake kwa jina la haki. Inafika kwa jina la "mpe mama kidogo."

Sasa watu wasioijua karafuu wanadhani ni kuchuma ukauza. Shamba lisipopaliliwa linageuka msitu, mtambaji unapanda juu ya mkarafuu mpaka unaunyonga, na mchumaji hakubali kuingia kwa kuogopa nyoka. Kupalilia ni pesa. Halafu utafute wachumaji, na wakati wa msimu kila mwenye shamba anawatafuta hao hao. Unawapa chai, unawapa chakula cha mchana, unawalipa kwa pishi, na hawalipwi kesho, wanalipwa leo leo jioni. Pesa hiyo inatoka wapi wakati karafuu bado mbichi? Mie nakopa dukani, nakopa kwa shoga zangu, mwaka jana niliweka rehani bangili ambayo mama alinivisha siku ya harusi yangu.

Zikishashuka mtini kazi ndiyo inaanza. Usiku tunakaa barazani kuchambua, mie na wanangu na majirani wawili, unashika kishada unakisugua kiganjani mpaka karafuu zitengane na makonyo, vile vijiti vyake. Hadi saa sita ya usiku. Vidole vinakuwa vyeusi na havitakati kwa sabuni, na mwanangu wa darasa la sita anakwenda skuli asubuhi macho mekundu. Kisha kuanika. Siku nne, tano, sita, kwa kutegemea jua, na unazigeuza zisivunde. Na huu msimu wa vuli ndiyo balaa, maana jua linawaka saa nne na mvua inashuka saa nane bila ya kupiga hodi. Karafuu ikirowa ikavunda inapoteza rangi, daraja linashuka, na bei nayo.

Nnakwambieni usiku mmoja wa Oktoba iliyopita. Nilikuwa nimeziwacha nje kwenye majamvi chini ya turubali kwa sababu ndani hamna nafasi. Saa tisa ya usiku upepo ukaling'oa turubali, ikaanza kunya. Nikatoka mbio na wanangu kuanua. Tulikuwa tunakokota majamvi kuyaingiza ukumbini, giza, umeme umekatika, maji yananiingia machoni, nasikia mama ananiita. Nikamjibu "nakuja mama, nakuja." Nikasema nimalize jamvi moja tu. Nimalize jamvi moja tu! Nilipoingia chumbani nikamkuta chini. Alitaka kwenda chooni, hakutaka kunisumbua, akajaribu kusimama peke yake. Yuko chini baina ya kitanda na ukuta, khanga imerowa, ananiangalia, ananiomba radhi. Mama yangu ananiomba radhi mie.

Nilimbeba na mwanangu tukamrejesha kitandani. Asubuhi nikamkodia gari mpaka Wete, akapigwa picha ya nyonga, alhamdulillah haikuvunjika. Gari nililipa mie, picha nililipa mie, dawa nililipa mie. Nikaandika kwenye grupu kuwa mama kaanguka. Waliojibu ni wawili. Mmoja kaweka alama ya mikono ya dua. Wa pili kaandika "pole, karafuu zilirowa?"

Wiki ile ile ndiyo ikaja tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya uchaguzi, mtandao ukazimwa nchi nzima. Mnakumbuka hali ilivyokuwa. Habari zinatoka Dar kwa vipande vipande, mara kuna fujo, mara imetolewa amri watu wasitoke nje usiku, na huku hatuoni kitu wala hatusikii kitu cha uhakika. Mie usingizi sikupata. Nina kaka Dar, ana watoto wanne, wawili vijana wakubwa wasiokalika ndani. Nikanunua vocha, nikapiga simu ya kawaida, mara ya kwanza haikushika, ya pili haikushika, nikapiga kutwa. Siku ya pili jioni akapokea. Nilipoisikia sauti yake nililia. Nikamuuliza watoto wote wapo? Kasema wapo, alhamdulillah, tumejifungia. Mkewe? Yupo. Chakula? Kipo cha siku mbili tatu. Nikashukuru Mungu kwa sauti mpaka mama akauliza kuna nini.

Nikangoja aniulize mama anaendeleaje. Alikuwa ameanguka siku tano nyuma. Akaniuliza: "zimefika kilo ngapi?"

Nilikaa na simu mkononi. Mama yuko pembeni yangu amenyoosha mkono wake mmoja unaofanya kazi, anataka asalimiane na mwanawe wa kwanza. Nikampa simu. Walisemezana hata dakika haikutimia, salio langu likakatika.

Mtandao uliporudi, tarehe 3 Novemba, grupu likafufuka. Siku zote zile hakuna hata mmoja baina ya hao wengine wawili aliyepiga simu ya kawaida. Wa Muscat nafahamu, simu ya kutoka huko ni ghali, namwachia. Na nisimkoseshe haki yake, Ramadhani iliyopita alituma pesa za futari na nguo za watoto, Mungu amlipe. Lakini wa Mwanakwerekwe? Kutoka Unguja kuja Mkoani, bandari ya hapa Pemba, ni boti ya asubuhi, mchana umefika. Mara ya mwisho kumuona mama ilikuwa msimu uliopita, alikuja siku ya kupima karafuu, akalala siku moja, akaondoka na pesa na pakacha la maembe.

Haya, hesabu. Wamesema haiko wazi, naiweka hapa, kila mtu aione. Daftari ninalo na risiti ninazo.

Karafuu kavu zilizopimwa zilikuwa kilo 186. Kwa daraja nililopata nikalipwa 14,000 kwa kilo. Jumla 2,604,000. Kupalilia mara mbili 220,000. Wachumaji 930,000. Chakula chao 140,000. Majamvi, magunia na gari ya kupelekea karafuu kituo cha kuuzia 65,000. Na kuna kijana wa jirani aliteleza kwenye tawi akavunjika mkono, nimemhudumia kwa 180,000, na kaka yangu mmoja ananiuliza "kwani alikuwa mwanao?" Kaanguka kwenye mti wa baba yako, anachuma karafuu zako, halafu nimwache pale chini kama kifuu? Jumla ya gharama 1,535,000. Kilichobaki mkononi 1,069,000.

Wao wanataka mgao wa 2,604,000. Wanasema gharama ni "mambo ya nyumbani." Sasa pigeni hesabu na mimi. Mama thumuni, saba zinazobaki tunagawana wanaume watatu fungu mbili mbili na mie fungu moja. Kila kaka anapata 651,000, watatu wao ni 1,953,000. Mkononi nina 1,069,000! Nikiwapa wanachotaka nitakuwa sina senti, mama hana senti, na nadaiwa 884,000 juu. Nimechuma mie, nimeanika mie, nimenyeshewa mie, mama kaanguka kwa ajili ya karafuu hizo, kisha niuze na ile bangili niwalipe?

Sheria ya Mwenyezi Mungu siipingi hata kwa nukta. Fungu langu ni moja na nimeridhia tangu siku ya kwanza. Ninachokataa ni wao kuishika aya ya fungu mbili wakaiwacha ya kuwatendea wema wazazi wawili. Na gharama hutolewa kwanza, mtu yeyote aliyewahi kuwa na shirika anajua hivyo, hata wavuvi wakirudi na dema wanatoa mafuta ya mashine kwanza ndipo wanagawana.

Wazee wetu walisema mchumia juani hula kivulini. Mie nimechumia juani, kwa maana yake hasa ya kuchuma na ya jua, na wanaokula kivulini wako Dar na Mwanakwerekwe.

Jengine lililoniwasha ni hili. Kaka mkubwa sasa ana shauri kuwa tuuze shamba, kuna mtu anataka kujenga. Mikarafuu ikatwe! Hivi anajua mkarafuu unachukua miaka mingapi mpaka ukakupa chochote? Sita, saba, na hapo bado ni mtoto. Baadhi ya ile miti kaipanda babu. Unguja ilikuwa na mikarafuu yake, kikaja kimbunga cha 1872 kikailaza, ndipo Pemba ikawa Pemba ya karafuu. Kimbunga kile kililetwa na Mungu. Huyu anataka kukileta kwa msumeno. Na ardhi yenyewe Zanzibar si yako kuiuza unavyotaka kama nguo mtumbani, ni mali ya umma, wewe una haki ya kuitumia, na kwa desturi yetu mti una mwenyewe wake mbali na ardhi. Hata hilo hakulijua, nimemwambia mie.

Jana baada ya ule ujumbe ami yetu akanipigia. Kasema "mwanangu stahamili, wewe ndiye mdogo, wape tu yaishe." Nikamwambia ami, nakuheshimu, lakini nimestahamili tangu 2019. Akasema nikilipeleka kwa kadhi au kwenye Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana nitawaaibisha wanaume wa ukoo. Aibu gani? Kwenda kugawiwa mirathi kwa mujibu wa dini ni aibu, na mama kulala chini usiku wa manane wanawe watatu wazima si aibu?

Mama amesikia yote, ukuta wetu ni mmoja. Leo asubuhi wakati namtilia udhu kaniambia "nenda." Neno moja tu, na ulimi wake tangu kiharusi ni mzito, lakini kalitamka sawa sawa.

Kwa hiyo Jumatatu nakwenda, na daftari langu, na risiti, na cheti cha kifo cha baba. Pesa 1,069,000 ziko palepale, sijagusa hata ya sukari.

Naomba anayejua anisaidie jambo moja, maana silali kwa kulifikiria. Mwaka 2020 nilichukua miche ya mikarafuu nikaipanda kwenye mapengo ya miti iliyokufa. Niliimwagilia kwa ndoo kutoka kisimani kiangazi chote, mama akiwa barazani ananihesabia. Imeshika arubaini na moja. Mwaka huu miwili imetoa vishada vya mwanzo. Shamba likigawiwa, ile miche nayo inaingia kwenye mirathi ya baba, au ni yangu? Aliyewahi kupitia jambo hili aniandikie kabla ya Jumatatu.