Naomba ushauri: siku moja Yerusalemu na mama mwenye magoti mabovu

Wakubwa shikamooni. Mwezi ujao nampeleka mama hija na kikundi cha parokia. Siku ya Yerusalemu ndiyo inanitisha: asubuhi Mlima wa Mizeituni, kuteremka kwa miguu hadi Gethsemane, kisha Njia ya Msalaba vituo vyote 14 mpaka Kanisa la Kaburi Takatifu, jioni Ukuta wa Magharibi. Mama ana miaka 71. Mteremko ule mkali, na vichochoro vya Mji wa Kale ni mawe na ngazi tupu. Kiti cha magurudumu hataki hata kukisikia ("mimi si mgonjwa"!). Kiongozi naye kasema kundi halisubiri mtu.

Mliokwenda, nimpunguzie wapi bila kukosa Kaburi, maana ndilo analolililia? Na foleni ya pale, alfajiri ni afadhali?