Matokeo ya ligi ya wanawake Australia husomwaje?

Mama wa Kisauni:
Assalaam aleikum. Binti yangu, winga wa timu ya mtaa wetu, amevutiwa na kandanda ya Kiaustralia ya wanawake. Tumesoma kwamba katika fainali ya msimu wa kwanza wa ligi ya taifa, mwaka 2017, Adelaide iliishinda Brisbane 4.11 (35) kwa 4.5 (29). Nukta hiyo ni ya nini?

Kijana wa Likoni:
Waaleikum salaam, mama. Kila mwisho wa uwanja, ambao umbo lake ni duaradufu, una milingoti 4 isiyo na mtambaa panya. Mpira uliopigwa kwa mguu ukipita kati ya miwili mirefu ya katikati, hilo ni goli la pointi 6. Ukipita kati ya mrefu na mfupi wa pembeni yake, ni pointi 1. Nukta hutenganisha idadi ya magoli na idadi ya hizo pointi 1. Kwa hiyo magoli 4 ni 24, na ukiongeza 11 unapata 35.

Mama wa Kisauni:
Kumbe magoli yalikuwa sawa, na kombe likaamuliwa na mikwaju iliyokosa shabaha! Ahsante, mwanangu.

Mzee wa Tudor:
Hapo msiwadharau, Bi: anayekosa mara 11 amefika langoni mara 11.