Fimbo ya kuvulia trauti kwa mshipi mfupi mtoni Gura

Swali: Ndugu wavuvi, ninavua samaki aina ya trauti mtoni Gura, milima ya Aberdare, Kenya, kwa tunutu bandia, yaani chambo cha mfano wa kidudu mchanga wa majini. Fimbo yangu ya futi 9, namba 5 (namba ni uzito wa mshipi unaoifaa), huulaza mshipi kwenye maji ya kasi, nao tunutu wakavutwa kabla ya kufika chini. Ninunue ipi?

Jibu: Ndugu yangu, chukua ya futi 10, namba 3, kwani urefu huo huuinua mshipi wote juu ya maji, na ncha yake laini huonyesha mguso mdogo na kuulinda uzi mwembamba usikatike samaki anapochomoka.

Jibu: Naafiki. Ya futi 11 itanasa vichakani. Kabla ya kulipa, ifunge gurudumu lake la kukunjia mshipi, uinyanyue mkono ukiwa umenyooka. Ikielemea mbele, iache.