Kupiga picha Mji Mkongwe na Kilwa Kisiwani kwa ajili ya wanafunzi: naomba mwongozo

Mwalimu wa Wete:
Assalaam aleikum ndugu zangu. Mimi ni mwalimu wa historia katika skuli ya sekondari huku Pemba. Likizo hii ninakusudia kuja Unguja kupiga picha Mji Mkongwe, kisha nivuke bara hadi Kilwa Kisiwani, ili wanafunzi wangu, ambao wengi wao hawajapata kutoka kisiwani, wayaone wanayoyasoma vitabuni. Kamera yangu ni ya kawaida na picha si za kuuza. Naomba wenye uzoefu wanifahamishe ni mambo gani nipige ili picha ziwe na mafunzo, ni wakati gani mwanga unafaa, na nikae vipi na wenyeji nisije nikawaudhi.

Bi wa Kiponda:
Waaleikum salaam, Mwalimu, na karibu sana Unguja. Nianze na hilo la mwisho kwa sababu ndilo linalotugusa sisi wakaazi. Mji Mkongwe uliingizwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000, lakini hakuna aliyetuhamisha kupisha makumbusho. Humu tunapika, tunaanika nguo, tunaozesha na tunazika. Mlango wa nyumba ukiuona uko wazi mchana, umeachwa hivyo ili upepo upite, kwa hiyo usielekeze kamera ukumbini kabla hujapiga hodi na kujibiwa. Nimewahi kutoka uani na kanga moja nikamkuta mgeni amesimama kizingitini anapiga picha, wala hakutoa hata salamu.

Ukifika mtaani, kaa kwanza barazani na wazee, agiza kahawa na ueleze umetoka wapi na picha ni za nini. Wakishakufahamu, wao wenyewe watakuonesha nyumba ambazo hungezijua, na watakwambia nani alizijenga na nani alizirithi. Watoto usiwapige bila idhini ya wazazi wao, hata wakikimbilia kamera wenyewe. Mwanamke akigeuza uso, amekwishajibu. Misikiti ipige kwa nje na si nyakati za sala. Ule wa Malindi wenye mnara uliochongoka kama pia ya watoto unaonekana vizuri kutoka barabarani.

Na Mkunazini, Mwalimu, nakuomba uende kwa adabu ya makaburini. Soko la watumwa lilifungwa mwaka 1873 na kanisa la Anglikana likajengwa mahali pale pale. Nje yake kuna shimo lenye sanamu za watu watano waliofungwa minyororo shingoni, kazi ya Clara Sörnäs wa Uswidi ya mwaka 1998. Nimewaona vijana wakicheka na kujipiga picha mbele yake, na moyo uliniuma. Wanafunzi wako waoneshe nyuso zile kwa karibu, bila mtu mwingine ndani ya picha.

Fundi Chokaa:
Mwalimu, Bi amesema yaliyo muhimu kwa upande wa watu. Mimi nitasema kwa upande wa majengo, kwa kuwa kazi yangu ni ukarabati. Usimalizie picha zako zote Forodhani wakati jua linazama, maana picha hiyo kila mtu anayo. Tunachohitaji sisi, na nadhani hata wanafunzi wako, ni picha zinazoeleza jengo limesimama vipi. Beit al-Ajaib, yaani Jumba la Maajabu, aliyoijenga Sultani Barghash mwaka 1883, sehemu yake kubwa iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020 pamoja na mnara wa saa, na jengo likishaanguka ndipo thamani ya picha za karibu inapojulikana, zile zinazoonesha nguzo, dari na nakshi moja moja, kwa sababu fundi hawezi kurudishia asichokiona.

Chukua mlango mmoja tu. Upige kwanza mzima, ukisimama mbele yake sawasawa ili miimo isipinde, halafu usogee kwenye kizingiti cha juu ambapo milango mingi ya mraba ina maandishi ya Kiarabu, kisha mfaa, ule ubao wa katikati mbao mbili zinapokutana, kisha mnyororo uliochongwa kuzunguka fremu, na mwisho njumu za shaba. Ukipata mwingine ambao juu umepinda kwa tao, uweke pamoja na ule wa mraba; hiyo yenye tao ina athari za Kihindi, na wanafunzi wataona wenyewe jinsi biashara ya Bahari ya Hindi ilivyoingia hadi kwenye mbao. Nakshi hutoka vizuri mwanga unapokuja kwa ubavu, kwa hiyo angalia mlango umeelekea wapi kabla ya kuchagua saa. Majumba ya ufukweni yanatazama magharibi na hupata jua baada ya alasiri. Vichochoro ni vyema asubuhi, kwani adhuhuri upande mmoja unawaka na mwingine ni giza.

Piga pia palipobomoka. Ukuta uliomenyeka unaonesha mawe ya matumbawe, udongo na chokaa, na ukitazama dari utaziona boriti za mikoko, ambazo urefu wake ndio uliofanya vyumba vyetu viwe virefu na vyembamba. Mahali palipopakwa saruji juu ya chokaa utaona unyevu umenaswa ndani na rangi inabanduka. Hilo ni somo tosha la kipindi kizima. Kila picha iandikie mtaa na tarehe siku hiyo hiyo.

Msafiri wa Pwani:
Nitajibu la Kilwa. Kibali hukatwa Kilwa Masoko kabla ya kupanda mashua, na utavuka na mwongozaji. Anza mapema na Msikiti Mkuu, ulioanza kujengwa karne ya 11 na kupanuliwa baadaye. Ingia ndani upige matao na kuba ukiwa umeelekea juu, na mweke mtu karibu na nguzo ili ukubwa ueleweke. Husuni Kubwa, lile kasri la kale, iko mbali kidogo na mji, juu ya mwamba unaotazama bahari, na birika lake la pembe nane usiliache. Waambie wanafunzi kwamba Ibn Battuta, msafiri mashuhuri wa Morocco, alifika Kilwa mwaka 1331. Magofu haya na ya Songo Mnara yaliingia katika Orodha mwaka 1981, yakahesabiwa kuwa hatarini kuanzia 2004 hadi 2014, na mmomonyoko wa bahari ulikuwa miongoni mwa sababu. Kwa hiyo ipige Gereza, ile ngome ya kale, pamoja na ufukwe wake. Usipande juu ya kuta kutafuta pembe nzuri.

Mwalimu wa Wete:
Nashukuruni nyote. Binamu yangu ana droni na anataka tuirushe juu ya mapaa. Je, inafaa?

Fundi Chokaa:
Bila kibali, hapana. Droni inahitaji idhini ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania pamoja na ya vyombo vya ulinzi, na Ikulu haiko mbali na mapaa hayo. Ikulu, kambi na vituo vya polisi havipigwi picha hata kwa simu. Omba ruhusa katika hoteli yenye ghorofa ndefu, uende juu asubuhi, na mapaa yote utayaona kutoka hapo.