Naomba ushauri: niwaambieje wakulima wa Nyando kuhusu chanzo cha joto duniani?

Mwalimu wa Ahero:
Hamjambo wenzangu. Kikundi chetu cha wakulima wa mpunga kimeniomba nieleze, katika mkutano wa Jumamosi, kwa nini joto la dunia linazidi kupanda. Mara iliyopita mzee mmoja, ambaye mto Nyando umemzolea mazao misimu miwili, alisema kwamba tunaadhibiwa kwa kukata miti na kuchoma makaa, na wengi wakamwitikia. Iliniuma. Je, nikiwaambia kwamba hawana hatia, sitakuwa nimewapa kisingizio cha kuendelea kukata?

Mkazi wa Njoro:
Mwalimu, anza na hesabu. Tangu enzi ya viwanda ianze, Marekani peke yake imetoa takriban robo ya hewa ya ukaa (gesi inayonasa joto angani) yote itokanayo na makaa ya mawe, mafuta na gesi. Leo China ndiyo inayoongoza, kwa kiasi cha asilimia 30 kila mwaka, ingawa ukigawanya kwa idadi ya watu, Mmarekani bado anamzidi Mchina. Kenya haifikii hata asilimia 0.1. Umeme wetu mwingi hutokana na mvuke wa ardhini wa Olkaria, maji na upepo, ilhali Afrika Kusini ingali inategemea makaa ya mawe. Kwa hiyo usiseme "Afrika" kana kwamba ni nchi moja.

Mama Shamba, Kakamega:
Hesabu hiyo ni ya nishati na viwanda. Nchini Brazil, gesi nyingi hutokana na ufyekaji wa misitu na ng'ombe. Kwetu pia ng'ombe wakicheua hutoa methani, gesi nyingine inayonasa joto, na mpunga uliofurika maji muda mrefu huitoa vilevile, kwa kuwa vijidudu huozesha mabaki katika tope lisilo na hewa. Usiwafiche wakulima hilo. Mzee naye umtenganishie mambo mawili: joto la dunia hakulileta yeye, lakini mvua kubwa ikinyesha kwenye miteremko ya Nandi iliyovuliwa miti, maji hushuka kwa kasi pamoja na udongo, na anayeumia ni yeye aliye bondeni.

Mwalimu wa Ahero:
Asanteni sana. Nitamwendea mzee nyumbani kwake kabla ya Jumamosi, kwani si vyema kumsahihisha mbele ya watu. Je, methani ya mpunga inapunguzwaje?

Mama Shamba, Kakamega:
Acheni shamba likauke kwa vipindi. Zikeni bomba lenye matundu ili muone kina cha maji ndani yake, na yakishuka sentimita 15 chini ya uso wa udongo, fungulieni tena mfereji. Ila mpunga ukiwa unachanua, msiukaushe.