Nina miaka 53 na nataka kuanza kukimbia. Nimeanza vibaya?

FundiSare_Tanga

Habari zenu wakuu. Nimezoea kutunga uzi sindanoni, huu wa humu ndio wangu wa kwanza, mnisamehe nikienda zigizaga.

Mimi ni fundi cherehani, niko Ngamiani, Tanga. Miaka 53, wajukuu watatu, kilo 84 kwa mizani ya duka la dawa. Kazi yangu ni ya kukaa tu, kuanzia saa mbili asubuhi mpaka jioni, mguu kwenye pedali, mgongo umepinda. Mwezi uliopita nilikuwa na magauni 24 ya sare ya harusi, nimeshayapiga pasi, nikayatundika barazani kwa shoga yangu ng'ambo ya barabara kwa sababu kwangu hapatoshi. Mvua ikashuka bila hodi. Nikakimbia. Si mbali, hatua sitini hivi. Magauni niliyaokoa, lakini mimi mwenyewe nilikaa kwenye kigoda nahema mpaka chai ikapoa. Mteja aliyekuja kuchukua blauzi yake alidhani nalia.

Nikasema hapana. Jumatatu, baada ya swala ya alfajiri, nikavaa dera na raba za mwanangu, nikatoka mbio. Nia yangu ilikuwa nifike Raskazone nikaione bahari. Nguzo ya umeme ya tatu sikuifikia. Nimeshika kiuno hivi, jirani akafungua dirisha: "Mama Zai, kafa nani?" Maana huku kwetu mwanamke mzima akionekana anakimbia saa hizo, ni msiba au kaibiwa. Nikamwambia hajafa mtu, nafanya mazoezi. Akafunga dirisha taratibu, kama mtu aliyepewa habari mbaya zaidi ya msiba.

Sasa naomba kuuliza. Umri umenipita? Magoti je? Presha ninayo, nakunywa kidonge kimoja kila asubuhi. Nivae nini? Na kama kuna aliyeanza akiwa mtu mzima, alianzaje? Video za vijana nimeshaziona kwenye simu, wanaruka tu na muziki.

---

Mtaalamu_wa_Kila_Kitu

Bi mkubwa, kwa heshima zote, tembea tu inatosha. Kukimbia kwa umri huo ni kumaliza magoti. Mjomba wangu alianza akiwa na 50, leo anatembelea mkongojo.

---

UsukaniMstaafu

Huyo mjomba ningependa kumsikia mwenyewe.

Dada Fundi, pole, na hongera kwa kuokoa magauni. Mimi niliendesha mabasi ya Dar–Arusha miaka 27, nikaacha usukani nikiwa na 57. Habari ya kukaa usinisimulie. Niliporudi nyumbani Moshi kitambi ndicho kilichokuwa kinatangulia kuingia mlangoni. Nilianza kukimbia mwaka uleule, sasa nina 64.

Kosa lako naliona toka mbali: umeondoa gari kwa gia ya nne. Ulikimbia kama bado unawahi zile sare. Hebu kumbuka mchakamchaka wa shule ya msingi. Alfajiri, miguu mitupu, mwalimu na fimbo yake, tunazunguka kijiji kizima tunaimba. Mbona hatukuwa tunashika viuno? Utoto ulisaidia, sawa, lakini kubwa ni kwamba mtu anayeimba hawezi kwenda kasi. Wimbo wenyewe ndio uliotushika breki. Siku hizi watu wana saa za kuhesabu mapigo ya moyo, mimi bado natumia mdomo. Nikishindwa kuitikia "chinja!", kile kiitikio chetu cha mchakamchaka, najua nimezidisha, napunguza au natembea.

Nilihesabu nguzo kama wewe, ila kwa mpango: nguzo moja nakimbia, mbili natembea, dakika ishirini zikifika narudi nyumbani hata kama najisikia ninaweza kuendelea. Hasa nikijisikia ninaweza kuendelea. Siku tatu kwa wiki, na kila siku ya mbio inafuatwa na ya kupumzika. Baadaye binti yangu akanionyesha mpango wa wiki tisa unaotumiwa dunia nzima, wa kumtoa mtu kwenye kochi mpaka akimbie kilomita 5. Aliutunga Mmarekani, Josh Clark, mwaka 1996, akimfikiria mama yake mzazi. Kwa hiyo dada, kitambaa kile kilikatwa kwa vipimo vya mtu kama wewe, si kwa vya hao vijana wa muziki. Wiki ya kwanza ni sekunde 60 za kukimbia na 90 za kutembea, unarudiarudia kwa dakika 20. Mimi hizo wiki tisa zilinichukua kumi na sita.

Sababu ni hii. Wiki ya nne pumzi ilikuja, nikajiona kijana, nikakimbia siku tano mfululizo. Ya sita ugoko ukaanza kuuma, huu mfupa wa mbele chini ya goti, ukiugusa kwa kidole unaruka. Zaidi ya mwezi niko kwenye kiti. Baadaye ndiyo nikaelewa: moyo na mapafu vinazoea ndani ya wiki chache, mifupa na kano vinadai miezi. Injini inapona kabla ya chesisi. Pumzi ndiyo inayotudanganya.

Na kuna aibu. Polepole ninayokuambia ni polepole ya kuona aibu kabisa. Nilipoingia nusu marathoni ya mbio za Kilimanjaro, ile barabara ya kupanda kwenda Mweka, nilipitwa na mama mwenye debe la pumba kichwani. Hakuwa na namba kifuani, alikuwa anarudi kwake kulisha ng'ombe. Akanisalimia na sikuweza kuitikia. Nilimaliza kwa saa 3 na dakika 5, medali nikavishwa ileile.

Watoto wa mtaani watapiga kelele, zoea. Hapa kwetu tangu Simbu achukue ubingwa wa dunia wa marathoni kule Tokyo, Septemba 2025, yeyote anayekimbia anaitwa Simbu. Hata mimi na kitambi changu: "Simbu! Simbu!" Yule bwana baada ya kilomita 42 alimpita Mjerumani kwa sehemu 3 za mia za sekunde. Mimi nilikuwa nashindana na debe la pumba.

---

Fizio_Dodoma

Shikamoo mama. Nafanya kazi ya tiba ya viungo, naomba niongezee pale mzee wetu alipoishia, hasa presha.

Kabla ya nguzo nyingine yoyote, nenda kapime, na mwambie daktari wako wazi kwamba unataka kukimbia. Siku ukipima ukiwa umetulia ikawa juu ya 180 kwa 110, hakuna mazoezi siku hiyo, ni kurudi kituoni. Muulize pia kidonge chako ni cha aina gani. Zipo dawa za presha, kama atenololi na bisoprololi, zinazozuia mapigo ya moyo yasipande, na mtu wa dawa hizo akitegemea saa ya mkononi itamwambia anakwenda taratibu wakati mwili umeshachoka. Kwake kipimo cha mzee cha kuimba ni bora kuliko saa, na wala si utani, hata sisi kazini tunakitumia. Kifua kikibana, maumivu yakienda mkononi au kwenye taya, kizunguzungu, moyo kurukaruka: simama, na usirudi barabarani mpaka uonwe.

Magoti. Nilikuwa naamini kama ndugu hapo juu mpaka niliposoma. Kuna uchambuzi wa tafiti nyingi uliotoka mwaka 2017. Wanaokimbia kwa afya tu, waliokutwa na kusagika kwa nyonga au magoti walikuwa kama 3.5 katika kila 100. Wasiokimbia walipita 10, na wa mashindano ya juu walifika 13. Haimaanishi mbio ni dawa ya goti, pengine wenye magoti mabovu waliacha mapema. Ila hadithi ya kwamba goti linaisha kama soli, hapana. Goti lako kama halijavimba na halikuamshi usiku, lina haki ya kujaribu. Mara mbili kwa wiki kaa kwenye kiti na uinuke bila kushika kitu, mara kumi, pumzika, tena kumi. Misuli ya paja ndiyo inayolibeba goti.

Umri usikutishe. Fauja Singh wa Uingereza alikimbia marathoni yake ya kwanza London mwaka 2000, pasipoti yake ikisema ana miaka 89. Ila usimuige haraka yake, aliingia mzima mzima.

---

BintiWaKisauni

Mamangu, yote wameyasema wanaume, na la dera hawakuligusa hata mmoja. Dera halifai! Laingia katikati ya miguu, upepo wa bahari ukivuma walibeba kama tanga. Mie niko Mombasa, twakimbia kikundi cha wanawake tisa kule Mama Ngina, kando ya bahari, alfajiri kabla jua halijawa kali. Mkubwa wetu kwa umri ana 61.

Vaa suruali pana ya kitambaa chepesi, juu blauzi ndefu ya kufika magotini, ipasuliwe ubavuni kidogo mguu upate nafasi. Kitambaa kisiwe pamba nzito, yanyonya jasho yawa kama tambara la kudekia. Mtandio usiufunge kwa pini, tumia wa kuvuta kichwani. Sidiria nunua ya michezo, hapo usibane pesa. Na mafuta ya mgando, paka mapajani na chini ya sidiria, utanishukuru. Siku ya kwanza nilirudi natembea kama bata.

Viatu vya mwanao virudishe. Mie vyangu nilivitoa mtumba Kongowea, shilingi 800 za Kenya, lakini nilichagua nusu saa nzima. Tazama kisigino kwa nyuma kama hakijalala upande mmoja. Kikunje: kipindike pale vidole vinapopindia, kikipinda katikati kimekufa. Bonyeza soli kwa gumba, kama ni ngumu kama ubao muachie mwenyewe.

Mwezi wa Ramadhani sisi hatuachi, twapunguza tu. Twaenda taratibu nusu saa kabla ya futari, tukirudi maji yako tayari. Wa dawa za presha na sukari wakae na daktari wao kwanza.

---

FundiSare_Tanga

Jamani, nimerudi nikiwa na la kusema. Leo ni wiki ya saba.

Nilikwenda kupima, 148 kwa 92, daktari akasema anza, akanipangia kurudi baada ya mwezi. Nikarudi, 138 kwa 86. Sijui ni mbio au ni chumvi niliyopunguza, kidonge ni kilekile. Mizani imetoa kilo mbili tu, nilitegemea zaidi, nikanuna siku mbili.

Suruali niliishona mwenyewe usiku uleule wa jibu la Binti, mabaki ya krepu ya oda moja hivi, rangi ya zambarau. Sikupasua ubavuni, niliweka pindo la ndani linalofunguka ukipiga hatua, halionekani ukisimama. Binti, ukitaka nikutumie vipimo sema.

Mzee wa usukani, suala la kuimba lilinishinda mwanzoni kwa sababu naona haya kuimba peke yangu barabarani. Sasa nahesabu oda kwa sauti: mama fulani gauni moja, kadai Ijumaa, mwingine sketi mbili, hajalipa. Nikikata kauli katikati ya deni la mtu, natembea. Na debe la pumba nimelipata langu: ni muuza maandazi wa baiskeli, ananipita kila siku, anapiga kengele, halafu ananisubiri mbele aniuzie.

Raskazone nimefika Jumamosi iliyopita, kukimbia na kutembea. Nilikaa pale nikaangalia ngalawa zinarudi, nikasahau kabisa kwamba kuna kurudi nyumbani. Nilirudi kwa bajaji. Sijui kama inahesabika.

Jirani bado ananiona chizi. Ila ameanza kuniuliza ile suruali ni bei gani.

Swali moja: ukucha wa kidole gumba cha mguu wa kulia umekuwa mweusi. Hauumi sana. Viatu ni vya mtumba, nimevikagua kama nilivyoelekezwa, namba yangu kabisa, 39.

---

UsukaniMstaafu

Inahesabika, ulikwenda kwa miguu.

Ukucha: hiyo "namba yangu kabisa" ndiyo shida. Mguu unavimba ukikimbia. Tafuta 40, upana wa kidole gumba ubaki mbele, na kakijaribu jioni, siyo asubuhi.

---

Mtaalamu_wa_Kila_Kitu

Bi mkubwa, na suruali ya kiume unashona?