Reading: nimekatwa pauni 180 za dhamana kwa sababu ya chokaa ya maji ya bomba

Wakuu, habari zenu. Naandika nikiwa na hasira na sitazificha.

Mwezi uliopita nilihama nyumba ya kupanga, hapa hapa Reading, England. Jana wakala wa mwenye nyumba kaniandikia kwamba dhamana niliyoweka nilipopanga inakatwa pauni 180 kwa "uchafu uliokithiri bafuni". Nikafungua picha alizoambatisha. Kioo cha shawa kina ukungu mweupe, shingo ya bomba ina ukoko, na chooni kuna mstari wa kahawia pale maji yanapoishia. Huo si uchafu! Ni chokaa, na imetoka kwenye maji ambayo nimeyalipia miaka mitatu bila kuchelewesha bili hata moja.

Kwa mlio mbali, Reading ipo pale mto Kennet unapoingia Thames. Kennet unalishwa na chemchemi za vilima vyenye mwamba mweupe, laini kama chaki. Mvua inazama humo, inayeyusha chokaa kidogo kidogo, kisha maji yanatoka safi kabisa kwa macho. Ukiyakinga kwenye glasi huoni kasoro yoyote. Yapashe moto ndipo utayajua, maana hewa ya ukaa inatoka na chokaa inaganda kwenye chuma. Maji yakizidi miligramu 180 za kalsiamu kaboneti kwa lita yanahesabiwa kuwa magumu sana, na ya kwetu yanapita hapo.

Birika jipya la umeme linamaliza wiki mbili tu. Chini linaota tabaka kama ganda la yai, ukilitikisa unasikia vigae vinagongana, na ukimimina vinaingia kikombeni. Chai nayo inafanya utando juu, unang'aa kama mafuta. Ukiugusa na kijiko unakatika vipande na kugandia ukingoni. Mgeni aliyetoka nyumbani aliangalia kikombe chake, akaniuliza taratibu kama nimekisuuza. Niliumia sana. Kwenye chai ya rangi ukikamulia limau utando unatoweka, lakini chai ya maziwa utaifanyaje?

Sasa njooni kwenye maharage. Nimeyaloweka usiku kucha, nimeyachemsha saa tatu, ganda bado linakwaruza ulimi. Nikampigia mama. Akasema, "Tia magadi mwanangu, hayo maji yenu ni mabaya." Nikatia kiasi cha ncha ya kijiko, yakaiva. Baadaye nikaja kuelewa kwamba kalsiamu inakaza ganda la maharage, na magadi yanaiondoa kalsiamu kwenye maji. Mama hajawahi kukanyaga Uingereza lakini alilijua tatizo kabla sijamaliza kueleza. Gesi ya zile saa tatu imeshakwenda, na bili ni yangu.

Kufua ndiyo usiseme. Sabuni ya mche haitoi povu, inatoa mabonge ya utelezi yanayoganda kwenye beseni na kwenye kola za mashati. Unazidisha sabuni, mashati meupe yanakuwa ya kijivu, taulo linakauka kama gunia. Mwanangu ana ukurutu, na kuna muuzaji alitaka kunishawishi ninunue mashine ya kulainisha maji ili apone. Nashukuru nilisoma kwanza. Jaribio lilifanyika hapa hapa England kwa watoto wenye ukurutu, matokeo yakatoka 2011, na mashine hizo hazikuwasaidia. Hata ningeitaka kwa ajili ya mabomba tu, mkataba ulinikataza kugusa bomba lolote la mwenye nyumba.

Na hapo ndipo ninapochemka. Nilipiga simu kwa wenye maji, wakaniambia maji ni salama na sheria haiweki kiwango cha ugumu. Ni kweli, hakuna kiwango, na sibishi kwamba yanafaa kunywa. Mwenye nyumba anasema usiguse bomba. Wakala anasema lipa. Kila mmoja kajivua lawama, mpangaji ndiye anayenunua birika, sabuni ya ziada na siki, halafu siku ya kuondoka anakatwa tena dhamana kwa chokaa ile ile!

Wala msiniambie haiwezekani. Profesa Thomas Clark wa Aberdeen alipata hataza mwaka 1841 ya namna ya kulainisha maji haya haya ya chokaa: unatia chokaa iliyozimwa, ile ya kupaka kuta, kwa kipimo, na sehemu kubwa ya chokaa iliyomo majini inatuama chini. 1841, jamani! Ndugu yangu anaishi Glasgow, wanakunywa maji laini ya ziwa Loch Katrine. Birika lake lina miaka mitano na ndani unajiona uso.

Makato nimeyakataa. Dhamana kwa sheria ya England inatakiwa kuhifadhiwa kwenye mpango ulioidhinishwa, na usuluhishi wake ni bure, kwa hiyo nimeshafungua shauri. Ninayo ripoti ya siku niliyoingia, na imeandikwa wazi "ukoko wa chokaa kwenye bomba la shawa". Risiti za siki ninazo pia, maana kila Jumamosi nilikuwa nalowesha kitambaa, nakifunga kwenye bomba, na baada ya saa moja nasugua kwa mswaki wa zamani. Kufikia Jumatano ukoko umerudi.

Ninachoomba kwa mliowahi kupitia haya: mlishinda kwa ushahidi gani? Je, nipige picha birika langu la nyumba mpya kila siku kuonyesha kasi ya chokaa, au msuluhishi anaangalia ripoti za kuingia na kutoka tu? Mwisho wa kupeleka ushahidi ni Ijumaa.